Daktari Mottoulle: Mzungu aliyejua juu ya nini mtumikaji anakaa kazini

Ndugu wa mashimo, wa viwanda na wa ofisi, pamoja na mama wa nyumba na watoto, leo tunaleta maisha ya Daktari Léopold Mottoulle. Hakuwa mtu wetu. Alikuwa Mbelgiji, daktari, na mmoja wa wakubwa wa Union Minière du Haut-Katanga wakati wa ukoloni. Bazee wa makampi walisikia jina lake. Watoto wa leo wengi hawalijui. Lakini kampi ya Lubumbashi, ya Kipushi na ya Likasi, posho, hospitali ya kampuni, masomo ya kampuni, yote hayo yamepita mikononi mwake.

Mtauliza: sendika inaleta maisha ya mkubwa wa kampuni juu ya nini? Ni juu ya ulizo moja linalorudi katika kila mkutano wetu na wakubwa. Wao wanasema ekipi hazitoi kazi ya kutosha, watu hawana moyo wa kazi. Sisi tunasema moyo wa kazi hauanguki kutoka mbinguni. Ulizo hilo si la leo. Mottoulle alilijibu karibu miaka mia moja iliyopita, na jibu lake lilikuwa na nusu ya kweli. Nusu iliyobaki, bazee wetu waliilipa kwa damu.

Mambo yalivyokuwa mbele yake

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza, mukuba wetu, karibu tani 1,000 kwa mwaka mzima. Kwa kupata watu, wazungu walianzisha mwaka 1910 ofisi ya kuandikisha watumikaji, Bourse du Travail du Katanga. Watu wake walizunguka vijijini, wakapita kwa machifu, wakakusanya vijana. Wengine wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, njo Zambia ya leo.

Kontra ilikuwa ya miezi tu. Kijana alifika amechoka na safari, amekonda, hajazoea baridi ya Katanga ya mwezi wa sita na wa saba. Alilala na wengine wengi katika kibanda kimoja, akala unga ambao tumbo lake halikuujua. Nyumonia na ugonjwa wa kuhara damu viliua watu wengi. Mwaka 1918 ikaja homa kubwa iliyozunguka dunia nzima. Wengi walikimbia kazi usiku. Wale waliobaki, wakati walikuwa wanaanza kuijua kazi, kontra ilikwisha, wakarudi kwao. Kapita alianza tena kufundisha wapya kushika koleo.

Tusidanganyane: kampuni haikuhuzunika kwanza juu ya watu. Ilihuzunika juu ya hesabu. Mtu anayekufa, anayekimbia au anayekwenda kabla ya kujua kazi anakula feza bila kutoa mali. Madaktari wa kampuni waliliona hilo mapema. Mwaka 1923 Daktari Pearson na Daktari Mouchet walitoa kitabu juu ya usafi wa makampi ya watumikaji: maji, vyoo, chakula, nafasi ya kulala. Njia ilikuwa imefunguka.

Katika miaka ya 1920 mambo yakabana zaidi. Wazungu wa Rhodesia walianza kufungua mashimo makubwa ya shaba upande wao, na watu wa kule wakaona afadhali kutumika karibu na kwao. Serikali ya koloni nayo iliweka kipimo cha wanaume wanaoweza kutolewa katika kijiji, juu vijiji vilikuwa vinabaki na wazee na wanawake tu. Kutoka mwaka 1925 kampuni ilileta watu wa Rwanda na Burundi. Wengi wao waliugua, na baada ya miaka michache kazi hiyo ya kuwaleta ilisimamishwa. Wakubwa wakaelewa kwamba watu hawatapatikana siku zote kama mchanga wa mtoni.

Daktari anashika ofisi ya watumikaji

Ni wakati huo Mottoulle alipata nguvu ndani ya Union Minière. Aliwekwa kichwa cha ofisi ya watumikaji weusi, ile iliyojulikana kwa herufi tatu, M.O.I. Ofisi hiyo ilishika mambo yote ya mtumikaji mbali na kazi yenyewe: kuandikishwa, nyumba, chakula, ugonjwa, bibi, watoto, makosa.

Yeye alifikiri kama daktari. Hakuuliza kwanza jinsi ya kumsukuma mtu atoe nguvu. Aliuliza nguvu hiyo inatoka wapi na inapotea wapi. Akaona inapotea katika njaa, katika ugonjwa, katika usingizi mbaya, na katika moyo wa mtu aliyeacha bibi yake mbali. Mwanaume peke yake hesabu yake iko kwenye siku ya kurudi. Mwanaume aliye na bibi na watoto pembeni anahesabu miaka.

Mwaka 1928 njo unaojulikana kama mwaka wa kugeuka. Kampuni ilianza kuandikisha watu kwa kontra ya miaka 3. Ilitafuta watu hasa ndani ya Congo yenyewe, upande wa Lomami na Kasai pamoja na Katanga. Iliwapa nafasi ya kuja na bibi zao. Kwa vijana ambao hawajaoa, kampuni ilikopesha feza ya mahari, kisha ikaikata kidogo kidogo kwenye mshahara. Nyumba ya watu wengi ikawa nyumba ya jamaa moja. Posho ya kila juma, unga, samaki au nyama, karanga, mafuta, chumvi, haikuwa tena ya mwanaume peke yake. Bibi alipata sehemu yake, na watoto sehemu yao.

Kwa mama mwenye mimba kulikuwa na sheria: aende kupimwa, ndipo apate chakula cha kuzidi. Watoto wachanga walipimwa uzito kila mara. Wakubwa kidogo walikula kwenye kantini ya kampi mbele ya macho ya wauguzi. Mwaka 1931 Mottoulle aliandika juu ya kazi hiyo ya kulinda watoto weusi katika makampi, na namna ilivyopunguza vifo. Mapadri Wabenediktini wa Monsinyori de Hemptinne walishika masomo ya kampi. Wasichana walifundishwa kushona na kutunza nyumba. Wavulana walifundishwa kusoma, kuhesabu na kazi ya mikono. Mawazo ya Mottoulle hapo yalikuwa wazi: mtoto aliyezaliwa kampini, aliyekula vizuri, aliyezoea kengele na king'ora, atakuwa mtumikaji bora kupita baba yake.

Kazi ikapanda

Matokeo yalionekana. Wagonjwa walipungua, vifo vilipungua, waliokimbia walipungua. Watu walimaliza miaka 3 wakaandika tena mingine 3. Kwa sababu walikaa, ilifaa kuwafundisha kazi ngumu. Watu weusi wakaendesha magari ya moshi na mashini za kuchimba, wakashika kazi ambazo mbele zilikuwa za wazungu, kwa mshahara mdogo sana kuliko wa mzungu. Kiwanda cha Shituru kule Likasi kilianza mwaka 1929, umeme wa Mwadingusha ukafika mwaka 1930. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kusimama juu ya watu wanaobadilika kila baada ya miezi sita. Mwaka 1930 kampuni ilitoa zaidi ya tani 130,000 za shaba. Ni kweli kwamba mashini zilileta sehemu kubwa ya mali hiyo. Lakini mashini inataka mkono unaoijua.

Kisha bei ya shaba ikaanguka katika dunia nzima. Katika miaka ya 1931 na 1932 kampuni ilirudisha watu wake wengi vijijini, kupita nusu. Hakuna aliyewauliza. Mtu aliyeambiwa kampi ni kwake alipewa tikiti ya kurudi. Bei ilipopanda tena, mwishoni mwa miaka ile ya 1930, kampuni ilifikia na kupita tani za zamani ikiwa na watumikaji wachache kuliko mwaka 1929. Kwa hesabu ya Mottoulle, njia yake ilikuwa imeshinda.

Mkono mwingine wa Daktari

Sasa tuangalie upande mwingine, juu maisha ya mtu hayasimuliwi kwa upande mmoja.

Mottoulle aliamini kwamba mtu mweusi ni kama mtoto. Katika maandiko yake alieleza kwamba mzungu wa kazi anapaswa kuwa kama baba: asiwe dhaifu, asizoeane sana na watu, awe na haki katika kuadhibu na katika kuzawadi. Neno la haki lilikuwa zuri. Shida ni kwamba baba huyo peke yake njo alijua haki ni nini. Mtoto hakuwa na neno la kusema.

Kwa hiyo kampi ilikuwa na macho kila mahali. Mkubwa mzungu wa kampi, yule bazee walimwita Changachanga, alijua nani amelala wapi. Mgeni kutoka kijijini, hata akiwa mama mzazi, alipaswa kuandikishwa. Nyumba ilikaguliwa. Kila mtumikaji alikuwa na karatasi yake yenye makosa na zawadi zake. Posho ileile iliyomshibisha ilikuwa pia kamba: ukikosa kazi, chakula cha nyumba nzima kinaguswa. Na kwa sababu sehemu kubwa ya malipo ilikuwa chakula, nyumba na dawa, falanga zilizobaki mkononi zilikuwa chache. Mwanaume aliweza kushiba na bado asiwe bwana wa nyumba yake, juu yeye hakuamua nini kinanunuliwa, watoto wasome wapi, nani alale kwake.

Wakati bei za vitu ziko chini, watu walivumilia. Vita ya pili ya dunia ilipofika, Union Minière iliombwa shaba nyingi kwa ajili ya jeshi la Uingereza na wenzake. Kazi ikazidi. Bei za nguo na vitu vya dukani zikapanda. Mishahara ikabaki nyuma. Wazungu wa kazi walianza kudai yao. Watumikaji weusi nao walikuwa na ulizo lilelile, lakini hawakuwa na sendika, hawakuwa na delege, hawakuwa na meza ya kukaa. Sheria haikuwapa.

Mwanzoni mwa Desemba 1941 watu wa Likasi walisimamisha kazi, kisha Lubumbashi na Kipushi. Kule Likasi risasi zilipigwa na watu wakafa. Tarehe 9 Desemba watumikaji wa Lubumbashi walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alikuja na askari. Karani mmoja, Léonard Mpoyi, alisimama kusema kwa niaba ya wenzake. Walichodai ni mshahara kuongezwa. Mpoyi aliuawa palepale. Bazee wanasimulia kwamba gavana mwenyewe njo alimpiga risasi. Askari wakafyatua bunduki juu ya watu. Serikali ilitoa hesabu ya makumi ya waliokufa. Jamaa za kampi zilihesabu wengi kupita.

Angalieni ni nani waliosimama uwanjani siku ile. Hawakuwa wageni waliofika jana kutoka kijijini, wenye njaa na hofu. Walikuwa wale Mottoulle aliowakalisha: wenye bibi, wenye watoto masomoni, wenye miaka mingi kazini, wanaojua thamani ya mikono yao. Daktari alitaka mtumikaji anayekaa, akampata. Hakufikiri kwamba mtu anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu anaanza kuhesabu, anazoeana na mwenzake wa ekipi, na mwisho anataka kusema. Huwezi kumfundisha mtu kuendesha mashini ya feza nyingi, kisha ukataka abaki mtoto.

Mwaka 1946 kitabu cha Mottoulle juu ya siasa ya kampuni kwa watumikaji wake kilitoka Bruxelles, kwa mkono wa Institut Royal Colonial Belge. Ndani yake alipanga matokeo ya miaka 20: uzazi, vifo, siku za kazi, miaka ya kukaa. Mwaka uleule wa 1946 serikali ya koloni ilikubali kwa mara ya kwanza sendika za watu weusi na kamati za watumikaji ndani ya makampuni, kwa masharti mengi na chini ya macho ya wazungu. Haya mambo mawili yalitokea katika mwaka mmoja, na kwetu sisi la pili njo lilijaza nafasi iliyobaki wazi katika la kwanza.

Kilichobaki

Njia ya Mottoulle haikufa pamoja naye. Mwaka 1960 Union Minière ilitoa karibu tani 300,000 za shaba. Kampuni ikawa ya serikali, ikaitwa Gécamines, ikaendelea na nyumba, unga, hospitali na masomo. Mwaka 1986 ilitoa tani 476,000. Wakati ule kijana wa Lubumbashi aliyepata namba ya kazi Gécamines aliimbiwa na jamaa nzima.

Lakini nyumba ambayo baba anaamua yote, siku baba anaanguka, watoto hawajui pa kwenda. Katika miaka ya 1990 mali ilishuka vibaya. Mishahara ikakosekana miezi na miezi. Mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 walitolewa katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Mama ndio waliobeba nyumba, wakiuza unga, sombe na makala kando ya barabara. Wanaume waliofundishwa kungoja posho walipata taabu kuanza tena.

Leo makampuni ni mengi, na shaba inatoka nyingi kupita zamani zote. Lakini tunaona kitu ambacho Mottoulle mwenyewe angekishangaa. Watu wengi wa mashimo hawaandikwi na kampuni yenye shimo. Wanaandikwa na kampuni ndogo inayowakodisha. Kontra ni ya miezi mitatu, ya miezi sita, wengine wa siku moja moja. Nyumba hakuna, hospitali ya bibi na mtoto mara nyingi hakuna. Watu wa ekipi moja, wanaoshika mashini moja, hawalipwi sawa. Kisha wakubwa wanaita mkutano, wanaleta mwalimu wa kufundisha watu moyo wa kazi, wanatoa tisheti na matabishi kidogo kwa ekipi iliyoshinda mwezi. Hiyo ni kurudi mwaka 1912, na mashini za leo.

Basi, kutoka maisha ya huyu mtu tuchukue nini? Tuchukue mambo matatu.

La kwanza, alikuwa na haki juu ya tumbo, nyumba na mtoto. Mtu ambaye mtoto wake ana homa na hana dawa, akili yake haiko kwenye mashini, na hapo ajali iko karibu. Delege anapodai matunzo ya jamaa, asione haya kuongea lugha ya mali: hesabu hiyo wakubwa wa zamani waliifanya, na ikawafaa.

La pili, kukaa kunaleta ufundi. Hapa sheria yetu iko upande wetu. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inasema kontra yenye mwisho haiwezi kupita miaka miwili, na kwa mtu aliyeoa ambaye kazi imemtenga na jamaa yake haiwezi kupita mwaka mmoja. Tena haifanywi upya zaidi ya mara moja. Na mtumikaji wa siku moja moja akikwisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa isiyo na mwisho. Wengi wetu hawajui hilo. Andikeni siku zenu kwenye daftari, mkiwa na tarehe, na daftari likae nyumbani, bibi alijue mahali lilipo. Siku ya kudai, daftari hilo linasema kuliko kelele.

La tatu, ndilo Daktari alilokosa: mtu anatoa kazi yake yote pale anaposikilizwa. Wale wanaoshika kazi njo wanajua kamba gani imechakaa, pampu gani inapoteza saa, zamu gani inachosha watu bure. Wakisema na hakuna anayejibu, wananyamaza, na kazi inashuka pamoja na wao. Delege aliyechaguliwa na watu, anayekaa mezani bila kuogopa kufukuzwa, anafaa kampuni yenyewe. Na sisi tusitake tena baba wa kutufikiria. Tutake mshahara unaotosha, ili kila nyumba iamue yenyewe unga wake na masomo ya watoto wake.

Mbele ya uchaguzi wa madelege unaokuja, ulizeni kila anayetaka sauti yenu: kontra za miezi mitatu atazifanyia nini, na watu wa kampuni ndogo atawaweka wapi katika madai yake? Asiye na jibu, msimpe sauti.